Ulimi, Tundu na Kijiti: Historia Fupi ya Kuunga Mbao katika Bonde la Kilombero

Mlango wa ukumbi wa hekalu letu ulitengenezwa upya miaka michache iliyopita katika karakana moja ya mjini, nao haukumaliza misimu miwili ya mvua. Masika ya kwanza ulivimba hata ukawa haufungiki. Kiangazi kilichofuata ulinywea, pembe zake zikaachana kiasi cha kupitisha kidole, na misumari iliyokuwa imefichwa chini ya rangi ikajitokeza pamoja na kutu yake. Kamati ya maadhimisho haya ilipoketi kwa mara ya kwanza, jambo la mlango huo lilikuwa miongoni mwa yaliyoletwa mezani. Je, tuupigie vyuma pembeni na kuupaka rangi upya? Tununue mlango wa kiwandani? Au tuwatafute mafundi wa kutengeneza mwingine kwa njia ya zamani? Fedha zilikuwa kidogo na maoni yalikuwa mengi.

Baadhi yetu tulilelewa Ifakara, ambako babu zetu walifungua maduka na kununua mpunga na pamba kutoka kwa wakulima wa bondeni. Katika mazungumzo yale tulikumbuka milango ya huko, iliyofunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi kila siku, miaka nenda miaka rudi, pasipo kulegea. Wenzetu wakatuambia: basi nendeni mkaitazame, kisha mtuandikie. Ndiyo asili ya makala haya. Tumejaribu kueleza mafundi wa bonde na wa pwani waliungaje mbao, kwa nini walichagua kiungo hiki na kuacha kile, na sisi tunapaswa kuchagua nini.

Bonde na tabia ya mbao

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na vilima vya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero hulipitia lote kabla ya kukutana na Luwegu na kuzaa Rufiji. Wakati wa mvua kubwa mto hupanda kingo zake na kufunika mbuga pana kwa maji. Mwaka 2002 uwanda huo wa mafuriko uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mvua zikipita, jua la kiangazi hukausha udongo hata ukapasuka.

Mbao hupatwa na mambo hayo hayo. Ubao ni mkusanyiko wa nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, na nyuzi hizo hazikomi kunywa na kutoa unyevu hata baada ya mti kukatwa, kupasuliwa na kupakwa rangi. Zikinywa, ubao hutanuka, zikikauka, hunywea. Lakini hautanuki sawasawa pande zote. Kwa urefu wake hausogei kiasi cha kuonekana. Kwa upana wake husogea sana. Hapo ndipo ugumu wote wa useremala ulipo. Katika pembe ya mlango, ubao uliosimama hukutana na ubao uliolala. Mmoja anataka kutanuka upande ambao mwenzake hataki kusogea kamwe. Fundi anayewafunga wawili hao kwa nguvu bila kuwaachia nafasi ameanzisha ugomvi ambao hautakwisha mpaka kimoja kipasuke.

Miti nayo haifanani. Mninga hunywea kidogo sana ukikauka, na kwa sababu hiyo mafundi wetu huupenda kwa milango na vitanda. Mkongo nao hutulia. Mvule ni imara na mchwa huukwepa, ingawa mara nyingine ndani yake huwa na chembe ngumu kama jiwe zinazofifisha makali ya randa. Mkaratusi hukua upesi, lakini ukipasuliwa ukiwa mbichi hupinda na kuchanika. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lilikuwa: ubao huu utasogea kiasi gani, na upande gani? Swali la kiungo lilifuata baada ya hilo.

Mtumbwi na dungu

Njia ya kwanza ya kuunga mbao ni kutoziunga kabisa. Wandamba, ambao maisha yao yamefungamana na mto, walichonga mtumbwi katika gogo moja, wakitoa nje ya mti kila kisichohitajika hata kikabaki chombo. Mtumbwi wa namna hiyo hauna pembe ya kuachana wala msumari wa kuota kutu. Gharama yake ni mti mzima mkubwa, na kwamba chombo hakiwezi kuwa kipana kuliko gogo lenyewe. Ukipata ufa, hakuna kipande cha kung'olewa na kubadilishwa.

Njia ya pili ni kufunga kwa kamba. Kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, yaani dungu, ambamo mkulima hukaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama, hufungwa kwa magome ya miti. Kadhalika nyumba za miti na udongo za Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena. Mtu wa mjini akiona kamba hudhani ni umaskini. Fundi anaona jambo jingine: kamba hulegea kidogo upepo unapovuma na maji yanapotikisa nguzo, kisha hurudi mahali pake. Ikioza, hukatwa kwa kisu na kufungwa mpya siku hiyo hiyo, na nguzo hubaki nzima.

Pwani waliijua hekima hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Mtepe, jahazi la visiwa vya Lamu, uliunganishwa kwa vijiti vya mbao na kushonwa kwa kamba za nazi, ubao kwa ubao, pasipo msumari wa chuma. Ulibeba shehena baharini hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Ulivuja, naam, na mabaharia walikuwa na kazi ya kuyateka maji. Lakini ulipogusa mchanga au mwamba ulinyumbuka. Mtumbwi, dungu na mtepe vimetuachia fundisho moja la msingi: kiungo kizuri hakizuii mbao kusogea, huchagua zisogee wapi.

Milango iliyovuka bahari

Kilombero haikukatwa na pwani. Bidhaa na watu walipita baina ya bonde, Kilosa, Bagamoyo na Zanzibar, na fikra za mafundi zilipita nao. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa mahali ambapo useremala wa bahari nzima ya Hindi ulikutana. Kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, ilisimamia ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi ya karne hiyo. Bandari ya Mandvi huko Kutch ilikuwa, na hadi leo ingali, mahali pa kuundia majahazi ya mbao. Pamoja na wafanyabiashara walikuja mafundi, na pamoja na mafundi zilikuja mbao za msaji.

Mafundi hao waliacha alama katika lugha pia. Neno randa, chombo cha kulainishia mbao, Mhindi hulitamka karibu vile vile tulitamkavyo sisi. Mafundi wa Gujarat wa ukoo wa Suthar hupokea jina lao kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya mshika uzi, yaani yule anayenyosha uzi wa kupimia kabla ya kukata. Humheshimu Vishwakarma, fundi wa miungu, na katika sikukuu yake mafundi wengi huviweka vyombo vyao mbele ya sanamu, wasivitumie siku hiyo.

Milango ya Mji Mkongwe inasifiwa kwa nakshi zake, lakini sisi tunaomba msomaji autazame mlango chini ya nakshi. Katika aina iitwayo ya Kigujarati, kila ubawa wa mlango ni fremu ya mbao nene iliyogawanywa katika miraba midogo, na ndani ya kila mraba umo ubao mwembamba. Ubao huo haukupigiliwa wala haukugundishwa. Kingo zake zimeingia katika mfuo uliochimbwa ndani ya fremu, na umeachiwa nafasi ndogo kila upande. Masika yakija hutanuka ndani ya mfuo; kiangazi kikija hunywea ndani ya mfuo; fremu haina habari. Aliyebuni jambo hilo alikuwa amekwisha kulijibu swali la mvua na jua kabla ya kuanza kuchonga ua la kwanza.

Nyumbani Gujarat, ujuzi huo ulijengewa mahekalu. Hekalu la Swaminarayan la Kalupur huko Ahmedabad, lililowekwa wakfu mwaka 1822, lilijengwa kwa msaji wa Burma, nao wageni hulisifu hadi leo kwa nguzo na matao yake ya mbao.

Ulimi na tundu

Pembe za fremu ya namna hiyo hushikwa na kiungo ambacho mafundi huita ulimi na tundu. Mwisho wa ubao uliolala hupunguzwa pande mbili mpaka ubaki ulimi. Katika ubao uliosimama huchimbwa tundu la kuupokea, kwa juba na nyundo. Kanuni ya wazee ni kwamba unene wa ulimi uwe karibu theluthi moja ya unene wa ubao: ukiuzidisha, kuta za tundu hudhoofika, ukiupunguza, ulimi wenyewe huvunjika. Mabega ya ulimi, yaani pale ubao ulipopunguzwa, hukaa sawasawa juu ya ubao wa pili na kuuzuia usipinde. Uzito wa mlango hauning'inii kwenye msumari. Umekaa juu ya mbao.

Kisha huja kijiti. Fundi hutoboa tundu dogo la duara kupita kuta za tundu kubwa. Halafu hutoboa ulimi pia, lakini kwa kusogeza tundu la ulimi kidogo kuelekea begani, kiasi cha milimita moja au mbili. Kijiti kikavu cha mbao ngumu kikipigwa ndani, hulazimika kupinda kidogo, na katika kupinda huko huuvuta ulimi ndani mpaka bega likabane. Hakuna gundi wala chuma. Mbao ikinywea, kijiti huendelea kuvuta. Siku mlango ukihitaji kutengenezwa, kijiti husukumwa nje kwa upande wa pili, na mlango mzima hulala chini vipande vipande, hakuna kilichoharibika.

Tulikwenda Ifakara tukakutana na fundi mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake, naye baba yake alijifunza kwa mafundi wa misheni. Wamisionari Wabenediktini walifika Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walichukua kazi hiyo. Miongoni mwao walikuwamo mabruda ambao kazi yao ilikuwa useremala na ujenzi. Hivyo bondeni zilikutana njia tatu: ya wenyeji, ya pwani na Bara Hindi, na ya Ulaya. Tulimwuliza mzee huyo ni ipi iliyo bora.

"Wanangu," alitujibu, "ulimi na tundu ninyi mnao, Wazungu wanao, hata mlango wa Mwarabu unao. Watu hawakuambiana. Mbao ndiyo iliyowaambia."

Kisha alituonyesha mlango wa nyuma wa duka moja la zamani. Mbao zake zilikuwa zimekwisha rangi na kizingiti kimelika, lakini pembe zilikuwa zimefumba. Karibu na kila pembe vilionekana vichwa viwili vya duara, vimechomoza kidogo kuliko ubao. Ni vijiti, vilivyobaki na urefu wao wakati mbao iliyovizunguka iliponywea.

Kila kiungo na kazi yake

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba ulimi na tundu ni dawa ya kila ugonjwa. Fundi hodari ni yule ajuaye kuchagua, na kuchagua maana yake ni kuuliza mzigo unatoka wapi.

Droo ya fedha katika kaunta ya duka huvutwa upande wa mbele mara mia kwa siku. Nguvu yote inataka kuung'oa ubao wa mbele kutoka kwa mbao za ubavuni. Ulimi wa kawaida ungechomoka. Hapa hutumika kiungo cha mkia wa njiwa: meno yaliyo mapana nchani na membamba shinani, yanayoingia katika mapengo ya umbo lile lile. Kadiri unavyovuta, ndivyo yanavyokaza. Mteremko wa meno hayo hupimwa kwa makini. Katika mbao laini fundi huteremka hatua moja kwa kila sita. Katika mbao ngumu hatua moja kwa kila nane. Akizidisha, ncha za meno huvunjika. Akipunguza, droo hufumuka. Masanduku ya nguo na makasha ya vitabu hufuata kanuni hiyo hiyo.

Mbao mbili zinazopishana, kama za fremu nyepesi ya dirisha au mbao za ndani ya kaunta, huungwa nusu kwa nusu: kila moja hukatwa nusu ya unene wake, kisha hulazwa juu ya mwenziwe. Ni kazi ya haraka, na kwa fremu isiyobeba uzito inatosha. Lakini haina bega la ndani la kuzuia kuvutwa, hivyo hutegemea gundi, parafujo au kijiti.

Msumari nao una heshima yake. Kenchi za paa la bati zilizofunikwa na kukaa kavu hushikwa na misumari miaka mingi, na hakuna mwenye akili atakayechimba matundu mia mbili kwa juba ili kuinua paa la ghala. Msumari hupendeza pia katika mlango wa mbao zilizosimama na kupigiliwa kwenye mbao tatu za kulala, kama ule wa stoo au banda, kwa sababu msumari mwembamba hukubali kupinda kidogo mbao zikisogea. Taabu huanza msumari unapotumiwa badala ya kiungo, katika pembe ambayo inabeba uzito na kunyeshewa. Chuma huota kutu, kutu hula mbao inayokizunguka, tundu hupanuka, na fundi wa pili hulazimika kupigilia msumari mnene zaidi. Katika mbao ngumu na kavu kama mninga, msumari uliopigwa bila kutobolewa njia kwanza huweza kuupasua ubao.

Gundi ni rafiki mwenye masharti. Hushika vizuri pale nyuzi zinapolala sambamba na mbao zikiwa kavu na safi. Haishiki vizuri mwisho wa ubao, mahali nyuzi zilipokatwa, wala haishiki mbao mbichi. Na juu ya msaji kuna jambo la ziada: mti huo una mafuta yake ya asili yanayoukinga dhidi ya mchwa na maji, na mafuta hayo hayo huisukuma gundi. Fundi ajuaye hupiga randa upya muda mfupi kabla ya kugundisha, au huamini kijiti.

Hapa Ifakara pengo katika pembe si aibu ya macho tu. Mji huu unajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Taasisi ya Afya Ifakara imetokana na maabara aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950. Kwa mama anayelaza mtoto wakati wa masika, fremu ya dirisha iliyoachana kwa upana wa kidole ni mlango ulioachwa wazi kwa mbu, hata kama wavu umefungwa vizuri namna gani.

Kiungo kinachofunguka

Kuna swali la tatu ambalo tuliliona taratibu, baada ya lile la tabia ya mbao na lile la mzigo. Nalo ni hili: nani atakifungua kiungo hiki?

Kila mwaka huko Puri, pwani ya mashariki ya Bara Hindi, mafundi wa kurithi hujenga upya magari matatu makubwa ya mbao kwa ajili ya maandamano ya Rath Yatra. Gari la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14 na la Subhadra 12. Sikukuu ikiisha, magari hayo hubomolewa, na mwaka unaofuata kazi huanza tena kwa mbao mpya. Kwa sababu hiyo ujuzi wao haujafa. Kijana huziona pembe zikifungwa na kufunguliwa mbele ya macho yake kila mwaka, hata bila kusoma kitabu.

Milango ya pwani ilikuwa na sifa inayokaribiana na hiyo. Mlango wa Zanzibar haukuning'inizwa kwa bawaba. Ulizunguka juu ya ncha za mbao zilizoingia katika kizingiti cha chini na cha juu, na fremu yake iliungwa kwa ndimi. Nyumba ikibomoka, mlango uliweza kufunguliwa na kuhamishiwa nyumba nyingine. Ndiyo maana milango mingi ya zamani imeishi kuliko kuta zilizoizunguka mwanzo.

Katika bonde la Kilombero uzi wa ujuzi ulikatika kidogo kidogo. Sheria ya kutaifisha majengo ya mwaka 1971 iliwafanya wengi wa jamii yetu kuondoka, kwanza kwenda miji mikubwa, kisha nchi za nje. Maduka yakabaki na wenyewe wapya, nayo milango ikabaki. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita bondeni na kuifungua Ifakara kwa Dar es Salaam na Zambia. Bidhaa zilikuja, miongoni mwake misumari, bati na milango iliyotengenezwa mbali. Baadaye magogo ya mvule yakawa adimu, na mwaka 1992 misitu ya Udzungwa ikawekwa chini ya hifadhi ya taifa. Kijana aliyeanza useremala akatafuta njia ya haraka, kwa sababu mteja alitaka bei ya chini. Hatumlaumu kijana, maana sisi ndio wateja.

Hata hivyo bonde limetoa zawadi ambayo babu zetu wasingeitarajia. Msaji, mti uliokuja kama mbao ndani ya majahazi, sasa unaota hapa. Mbegu zake zilipandwa nchini tangu zama za Wajerumani. Mashamba ya Longuza na Mtibwa yakafuata. Na tangu miaka ya 1990 msaji umepandwa kwa wingi katika bonde la Kilombero lenyewe. Mti wa shambani hukatwa ungali kijana, una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje isiyo na nguvu ya mbao ya moyo, na unahitaji kuchaguliwa na kukaushwa kwa subira. Lakini ni msaji, nao hushika ulimi vizuri.

Uamuzi wetu

Tuliporudi kwenye kamati tuliweka mbele ya wenzetu hesabu iliyo wazi. Mlango wa ulimi, tundu na kijiti, kwa msaji wa moyo uliokaushwa, ungegharimu karibu mara mbili ya ule wa karakana, na ungesubiriwa kwa miezi, maana mbao haikubali kuharakishwa. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kama fedha hizo zisingefaa zaidi kwa karo za wanafunzi tunaowasaidia. Tulijadiliana muda mrefu. Mwishowe tulikubaliana kupunguza mapambo ya sherehe na kufuta nakshi yote iliyokusudiwa, ili fedha za mlango zitoke humo, na karo zisiguswe.

Mlango wa ukumbi, basi, ni mtupu. Hauna tausi wala ua la yungiyungi. Unazo fremu mbili, mbao nyembamba zinazoelea ndani ya mifuo yake, na katika kila pembe vijiti viwili. Yule fundi mzee wa Ifakara aliisimamia kazi, na kwa ombi letu vijana wawili wa useremala walikaa naye tangu kuchagua ubao hadi kupiga kijiti cha mwisho. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililotoa thamani ya fedha. Mlango mmoja ni mlango mmoja. Vijana wawili watatengeneza milango wasioijua idadi yake.

Siku ya kuufunga, mmoja wao aliuliza kwa nini vijiti vimeachwa vichomoze kidogo upande wa ndani, badala ya kukatwa sawa na ubao. Mzee alimwambia: "Mjukuu wangu, ili atakayekuja baada yako ajue pa kugonga."

Tunawakaribisha wasomaji wote katika maadhimisho haya. Mtakapoingia ukumbini, geukeni kidogo muitazame pembe ya juu ya mlango. Masika hii itakuwa ya kwanza kwake, na sisi tutakuwa hapa kuona kama utafungika.